Kebo za Umeme Zilizovaa Deraya

Msafiri atokaye Nairobi kwa barabara kuu ya Thika hupita Ruiru kabla hajatulia vema kitini, na baada ya kitambo kidogo huwa ameingia Thika yenyewe. Kulia na kushoto huona mibuni iliyosalia, viwanda, na majumba ya kupangisha yaliyopandana ghorofa juu ya ghorofa. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2019 mji wa Ruiru ulikutwa una watu 490,120 na mji wa Thika watu 251,407, na watu wengi kiasi hicho hawakai mahali pamoja pasipo kutumia umeme mwingi. Nguzo na nyaya za juu kila mtu huziona. Lakini upo umeme mwingine unaopita chini ya miguu yao, ndani ya kebo zilizofukiwa uani, shambani na kandokando ya viwanda. Hizo ndizo kebo ambazo mwenye mali huzinunua kwa fedha zake mwenyewe, na mara nyingi hajui hasa alichonunua.

Nchi hii ya mito haikuujua umeme jana. Maporomoko ya Mto Ruiru ndiyo yaliyotiwa mitambo mwanzoni mwa karne ya 20 ili kuwasha taa za Nairobi, na mwaka 1925 kikaanza kazi kituo cha Ndula juu ya Mto Thika. Wakati huo kazi ya kuuza umeme ilikuwa mikononi mwa kampuni ya East African Power and Lighting, iliyoundwa mwaka 1922 na ambayo mwaka 1983 ilibadilishwa jina ikawa Kenya Power and Lighting. Kwa miaka mingi wakulima wa kando ya mito hiyo waliziona nyaya zikipita juu ya vichwa vyao kwenda mjini, nao wakarudi nyumbani jioni kuwasha koroboi. Siku hizi mambo ni mengine. Mkulima wa Gatundu au wa Juja huweza kuwa na pampu ya kisima, mashine ya kukatia majani ya ng'ombe na taa katika banda la kuku, vyote vikipata nguvu kutoka mita iliyo ukutani mwa nyumba yake.

Hapo penye mita ndipo mpaka ulipo. Kampuni huangalia waya wake mpaka kwenye mita. Yote yaliyo mbele ya mita ni ya mwenye nyumba na fundi wake. Ikiwa pampu iko mtoni, hatua 200 kutoka nyumbani, basi kebo ya hatua hizo 200 ni mzigo wa mwenye shamba: kuichagua, kuifukia, na kujibu itakapomwua mtu. Neno hili si la kumtisha msomaji bure. Kebo iliyovaa chuma hununuliwa kwa ajili ya usalama, lakini chuma chenyewe, kikiwekwa na fundi asiyejua kazi, huweza kuchukua moto wa umeme kutoka mahali ulipofungiwa na kuupeleka hadi kwenye mkono wa mtoto anayefungua bomba.

Yafaa kwanza kuipasua kebo na kuitazama ndani. Ile inayouzwa zaidi katika maduka ya Thika na Ruiru ni ya namna ya Kiingereza, nayo hujulikana kwa herufi SWA. Katikati mna nyuzi za shaba, au za alumini katika kebo nene, mbili, tatu, nne au tano. Kila uzi umevikwa ganda lake la plastiki. Zamani ganda hilo lilikuwa la plastiki ya kawaida iitwayo PVC, ambayo hustahimili joto la digrii 70. Siku hizi kebo nyingi zina plastiki ngumu zaidi, XLPE, ambayo hustahimili digrii 90. Nyuzi zote pamoja huvikwa ganda la pili. Juu ya ganda hilo ndipo inapokuja deraya yenyewe, yaani nyaya nyingi za chuma zilizopakwa zinki kama mabati ya nyumba, zikiwa zimelazwa ubavu kwa ubavu na kuizunguka kebo kama fito za mtego wa samaki. Mwisho kabisa huja ganda jeusi la nje, ambalo kazi yake ni kuzuia maji yasiilie chuma kutu.

Deraya hiyo ina kazi mbili, na watu wengi huijua moja tu. Ya kwanza ni ulinzi. Jembe likigonga kebo isiyo na chuma hupita moja kwa moja hadi kwenye shaba. Likigonga nyaya za chuma huenda likateleza, au mlimaji akahisi kwamba amegonga kitu kisicho jiwe. Kadhalika fuko, ambaye kila mwenye viazi na migomba katika nchi ya Kiambu anamjua kwa uharibifu wake, hutafuna plastiki lakini nyaya za chuma humshinda. Mchwa nao ni hivyo hivyo. Tena nyaya za chuma huipa kebo nguvu ya kuvutwa, hata wafanyakazi waweze kuiburuta mtaroni pasipo kuirefusha shaba iliyo ndani.

Kazi ya pili ni kubwa kuliko ya kwanza, nayo ni kuurudisha umeme uliopotea njia. Tufikiri kwamba jembe la mlimaji mwenye nguvu limepasua kebo, likagusanisha uzi wenye moto na nyaya za chuma. Ikiwa chuma hicho kimeungwa barabara na sehemu ya waya wa ardhi penye mita, umeme mwingi hupita ghafla katika deraya na kurudi ulikotoka. Fyuzi haivumilii, hukatika mara moja, na mlimaji hubaki ameshika mpini huku moyo ukimdunda. Lakini kama chuma hakikuungwa na kitu chochote, hakuna njia ya kurudi. Fyuzi haijui kwamba kuna jambo. Deraya yote, tangu nyumbani hadi mtoni, huwa imejaa moto wa volti 240, na kwa kuwa upande wa mtoni imefungwa katika bati la pampu, pampu nayo ina moto huo huo. Jembe limegonga saa nne asubuhi. Mwanamke aendaye kuteka maji saa kumi alasiri, akiwa miguu mitupu katika matope, ndiye atakayekuwa njia ya kurudi.

Wako wasemao, "Hakuna shaka, sisi tumepiga kijiti cha shaba ardhini pale penye pampu." Kijiti ni kizuri, lakini hesabu yake yafaa ifanywe. Udongo haupitishi umeme kwa urahisi, hasa wakati wa kiangazi ambapo hata ule mwekundu wa kahawa hukauka ukapasuka. Kijiti kikiwa na ukinzani wa omu 20, volti 240 zitasukuma ampea 12 tu. Fyuzi ya ampea 30 haitashtuka kwa ampea 12, hata zikipita mchana kutwa, na wakati wote huo bati la pampu lina moto wa kuua. Kwa hiyo deraya ni lazima irudi mpaka penye mita, na fundi apime kwa chombo chake kama njia yote ya kurudi inatosha kukata fyuzi. Isipotosha, au mahali pa maji kama kisimani, huongezwa ile swichi nyepesi inayojikata yenyewe mara umeme mdogo sana, elfu-moja 30 za ampea, unapopotea njia. Swichi hiyo haichukui nafasi ya deraya iliyoungwa vema, wala deraya haichukui nafasi yake.

Je, chuma chaweza kweli kufanya kazi ya shaba? Chuma hupitisha umeme vibaya, karibu sehemu moja kwa nane ya shaba iliyo nene sawasawa nacho. Lakini katika kebo ndogo chuma ni kingi. Kebo ya nyuzi mbili za milimita 10 za mraba ina deraya ambayo ukubwa wake ni karibu mara nne ya ule wa uzi mmoja. Basi ni kana kwamba kuna uzi wa ziada wa shaba wa milimita 5 za mraba, na mara nyingi hiyo yatosha. Katika kebo nene za viwandani mambo hugeuka, kwa maana shaba huongezeka haraka kuliko chuma. Huko mafundi stadi hulaza waya wa shaba wa ardhi kando ya kebo, au huchagua kebo yenye uzi mmoja zaidi kwa kazi hiyo.

Basi yote hushikiliwa na kitu kidogo cha shaba nyeupe kiitwacho glandi, ambacho hufungwa kila mwisho wa kebo. Ndani yake mna pia yenye umbo la koni. Fundi hukata ganda la nje, hukunjua nyaya za chuma zikafunguka kama ua, huziweka juu ya koni hiyo, kisha hukaza pete mpaka kila waya ushikwe. Huvalishwa pia bamba jembamba lenye sikio, na kwenye sikio hilo hufungwa waya wa ardhi. Glandi za nje ya nyumba zina mpira wa pili unaobana ganda jeusi ili mvua isiingie; za ndani ya nyumba hazina mpira huo, na azitumiaye nje atakuta chuma kimeoza baada ya masika machache tu. Kazi ya kufunga glandi moja huchukua muda na huchafua mikono. Ndiyo sababu wako mafundi wa njiani ambao hukata nyaya za chuma zote, huzizungushia utepe mweusi, na kuingiza kebo kisandukuni kupitia tundu tupu. Kwa macho kazi hiyo huonekana safi kuliko ile ya glandi. Mwenye nyumba hulipa, hushukuru, na kuanzia siku hiyo anayo shambani mwake kebo yenye silaha isiyo na mlinzi.

Namna nyingine za deraya zipo, nazo si za kubadilishana ovyo. Iliyo karibu zaidi na ile ya kwanza ni AWA, ambayo nyaya zake za nje ni za alumini badala ya chuma. Hutumiwa kwa kebo zenye uzi mmoja tu ndani, kama zile nene zitokazo katika transfoma ya kiwanda. Sababu yake ni ya kupendeza. Umeme wa aina tuutumiao hugeuka upande mara 100 kwa sekunde, na kila ugeukapo huzaa nguvu ya sumaku pande zote za uzi wake. Nyuzi mbili au tatu zikilala ndani ya deraya moja, umeme uendao na urudio huondoleana sumaku zao. Uzi ukiwa peke yake hakuna wa kumwondolea. Chuma kinachomzunguka hushikwa na sumaku hiyo na kuanza kupata joto, mpaka plastiki ikadhoofika. Alumini haishikwi na sumaku kama chuma. Kwa sababu hiyo hiyo, fundi mwenye akili hapitishi uzi mmoja mmoja kupitia matundu mbalimbali ya bamba la chuma.

Kuna pia STA, ambayo deraya yake ni kanda mbili za chuma zilizozungushwa moja juu ya nyingine. Kanda hizo huzuia vizuri kitu kinachobonyeza, kama jiwe au tairi la trekta, na kebo ikilala kimya ardhini hufanya kazi miaka mingi. Haipendi kuvutwa, kwa kuwa kanda hufunguka, wala haipendi kukunjwa kwa nguvu. Kwa mtelemko mkali wa kwenda mtoni, ambako udongo husogea wakati wa mvua, nyaya za chuma ni bora kuliko kanda.

Katika majengo ya zamani huenda ikachimbuliwa kebo nzito ajabu, ambayo nyuzi zake zimefungwa karatasi iliyolowa mafuta na kuvikwa bomba la risasi. Hiyo ndiyo iliyokuwa kebo ya heshima kabla ya plastiki. Aipataye asiichome moto ili kupata shaba, kwa kuwa moshi na majivu ya risasi ni sumu, hasa kwa watoto. Kwanza kabisa ahakikishe kwamba imekufa. Kebo kuukuu kuwa haijulikani na mtu hakuifanyi kuwa haina umeme.

Katika karakana za Thika huonekana nyingine yenye ganda jeupe linaloonyesha, na ndani yake wavu wa chuma uliosukwa kama kikapu. Huitwa SY. Hutumiwa kuunganisha mashine zinazotikisika, kwa sababu hukunjika kwa urahisi. Huwadanganya wengi kwa jinsi ing'aavyo. Wavu wake ni mwembamba, haukuwekwa uwe njia ya ardhi, na kebo hiyo haifukiwi.

Neno moja lapasa kusemwa juu ya kebo za Marekani, kwa sababu vijana wengi wanaojifunza ufundi huko Ruiru hutazama katika simu zao mafundi wa nchi hiyo wakifanya kazi, na huona kebo ing'aayo kama fedha, yenye deraya ya ukanda uliozungushwa mithili ya springi. Wamarekani wanazo namna mbili zinazofanana sana kwa nje. Ya kale huitwa AC, na wazee wa kazi huiita BX. Ilianza mwanzoni mwa karne ya 20. Nyuzi zake zimefungwa karatasi, na chini ya deraya hulala ukanda mwembamba wa alumini usio na ganda. Ukanda huo hugusana na deraya mahali pote, na kwa pamoja ndio njia ya ardhi. Waya wa kijani si lazima. Ukanda huo haukuwako tangu mwanzo. Ulitakiwa na kanuni zao kuanzia mwaka 1959, baada ya kuonekana kwamba deraya iliyozungushwa, ikishaingia kutu kati ya duara na duara, hulazimisha umeme kuzunguka safari ndefu, na badala ya kukata fyuzi hupata joto mpaka ikawa nyekundu ndani ya ukuta wa mbao.

Ya pili huitwa MC. Badala ya karatasi ina utepe wa plastiki, na ndani yake mna waya wa ardhi wa shaba wenye ganda la kijani. Deraya yake ya kawaida hulinda tu, wala haihesabiwi kuwa njia ya ardhi. AC haizidi nyuzi nne za kazi. MC huweza kuwa na nyingi zaidi na nene zaidi. Fundi anayechanganya namna hizo mbili, akaitegemea deraya ya MC kama ile ya AC, huwa ameiacha nyumba pasipo ardhi. Tena zote mbili ni kebo za ndani ya nyumba. AC haifukiwi kabisa. MC hufukiwa ile tu iliyotengenezwa na kuthibitishwa kwa kazi hiyo, ikiwa na ganda la plastiki juu ya chuma. Kijana wa Ruiru akiona mwenziwe wa Chicago anaifunga kwa dakika mbili pasipo glandi yetu, asifikiri amegundua njia ya mkato. Ameona kazi nyingine kabisa, yenye vifungo vyake na kanuni zake.

Ipo hata kebo ambayo deraya yake ni bomba la shaba lililojazwa poda ya magnesia. Haiungui, na kwa hiyo hutumiwa kwa kengele za moto katika majengo makubwa. Poda yake hunywa unyevu kama chumvi, na mwisho wake usipozibwa siku ile ile huharibika. Mkulima haihitaji.

Mnunuzi na atazame nini dukani? Atazame maandishi yaliyopigwa juu ya ganda: jina la mtengenezaji, idadi na ukubwa wa nyuzi, volti, na namba ya kanuni, ambayo kwa SWA ya plastiki ngumu ni BS 5467. Kebo hutengenezwa humu nchini tangu zamani. Kiwanda cha East African Cables kilianzishwa Nairobi mwaka 1965. Atazame pia alama ya ubora ya KEBS, na aombe kuona mwisho uliokatwa. Shaba iwe ya rangi ya shaba hata ikikwaruzwa kwa kisu, kwa maana kuna alumini iliyopakwa rangi ya shaba kwa ajili ya wasio na haraka ya kutazama. Nyaya za deraya zisiwe na mapengo ya kuingiza kidole, wala zisiwe zimeingia kutu kwenye gurudumu.

Mtaro uwe na kina cha futi 2 hivi, na zaidi pale trekta ipitapo. Chini pawekwe mchanga au udongo uliochekechwa, kisha kebo, kisha udongo laini, na juu yake utepe wa plastiki wa kuonya, ili ajaye kuchimba aukute kabla ya kukuta kebo. Mwenye shamba achore katika karatasi mahali kebo ilipopita, akipima kwa hatua kutoka pembe za nyumba na miti isiyokatwa, na karatasi hiyo akaiweke pamoja na hati za shamba. Huo ndio ulinzi wa bei rahisi kuliko wote, na ni wachache mno waufanyao.

Wezi nao hawana budi kutajwa, kwa kuwa shaba ni fedha. Mwezi wa Januari 2022 Serikali ya Kenya ilisimamisha biashara ya vyuma chakavu kwa sababu ya uharibifu wa nguzo na nyaya za umeme, na ikairuhusu tena mwezi wa Mei mwaka huo huo. Kebo iliyofukiwa vema huibwa kwa shida kuliko ile iliyolazwa juu ya majani kando ya ua.

Fundi naye awe na leseni ya EPRA, mamlaka inayosimamia nishati, na mwenye nyumba asione haya kuomba kuiona. Kazi ikiisha, kabla ya kufunika mtaro na kabla ya kulipa fedha ya mwisho, fundi akiwa amekata umeme apime mbele ya mwenyewe mambo mawili. Kwanza, kama chuma kimeungana mfululizo tangu glandi ya penye mita hadi bati la pampu. Chombo chake kitaonyesha sehemu ndogo tu ya omu, au omu moja na kitu katika kebo nyembamba iliyo ndefu sana. Pili, kama chuma hicho hakigusani na nyuzi za moto. Hapo chombo kitaonyesha mamilioni ya omu. Hesabu hizo mbili ziandikwe pamoja na tarehe, na zipimwe tena kila baada ya miaka michache, au siku yoyote ambayo jembe limegonga kitu ardhini na mlimaji akasema ni jiwe.